Jinsi ya kushika fimbo ya gofu na kusimama kwa mizani: mwongozo kamili, unafanyia uani kwako

Wiki hii nimetumiwa video nne kwenye simu, watu wanne tofauti, swali moja: "Kaka hebu nicheki swingi, mpira unakata kulia kila siku." Nimeziangalia zote na kwenye zote sikufika hata kwenye swingi, yaani ule mzungusho wa fimbo wa kupiga mpira. Nilisimamisha video kabla fimbo haijaondoka chini na kosa lilikua lishakaa pale linasubiri. Watatu wameshika fimbo kama jembe. Mmoja kashika vizuri ila kasimama kama mtu anaechungulia kisima.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo naandika mara moja, hatua kwa hatua, na kwanini kila hatua ipo. Siku za mwanzo hamna mpira, hamna uwanja, hamna kupiga kitu. Mi nafanyia uani hapa Chumbageni, Tanga, alafu maji yakipwa nateremka ufukweni Raskazone na miguu peku, sababu utaiona huko chini.

Nimeandika kwa mtu wa mkono wa kulia. Ukiwa mashoto, nikisema kushoto we soma kulia, basi.

## Vitu vya kuandaa

Aironi namba 7, fimbo ya kichwa cha chuma. Moja tu. Draiva, ile fimbo ndefu, iache ndani hata kama inakuita. Namba 7 ina urefu wa katikati, inchi 37 hivi (kama sentimita 94), ukishaielewa hiyo fimbo zilizobaki ni kurekebisha kidogo tu.

Kama huna fimbo kabisa: mpini wa fagio wa urefu huohuo, zungushia raba ya tyubu ya baiskeli upande mmoja mpaka unene ukaribie gripu, ile sehemu ya kushikia. Kwa Tanga hii ukikosa tyubu iliyochoka basi huna majirani.

Kamba ya mkonge vipande viwili, mita 2 kila kimoja. Kuna vijiti vya rangi vinauzwa kwa kazi hii, huvihitaji. Mkonge umetuzunguka.

Mpini mwingine mnyoofu, wa kuweka mgongoni.

Maka peni, taulo dogo, na simu ya kujirekodi pamoja na tofali la kuiegemeza. Glavu ya mkono wa kushoto kama unayo. Ukuta.

Kabla ya yote osha gripu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani, suuza, futa, iache kivulini ikauke. Hewa yetu ina unyevu na chumvi na jasho nalo linaganda kwenye raba, gripu ikiteleza mkono unabana wenyewe bila wewe kuuambia, na ukishabana kila kitu nitakachosema kuanzia hapa kinaharibika. Ikiwa raba imekua ngumu na inang'aa, kaweke mpya.

## Hatua ya 1: Uso wa fimbo kwanza, mikono baadae

Weka kichwa cha fimbo chini. Kamba moja ilaze ielekee unakotaka mpira uende, alafu ule ukingo wa chini wa uso wa fimbo (upande unaogonga mpira) ukate kamba kama herufi T. Shikilia fimbo kwa vidole viwili vya kulia, chini kidogo ya gripu, ili isizunguke.

Sababu: wengi wanashika kwanza, wanaridhika, alafu wanaangalia chini wanaona uso umegeuka, wanaunyoosha kwa kusokota viganja. Pale mshiko umeshakufa. Umetengeneza mikono ya uso uliopinda ukaisokota ifanane na mikono ya uso ulionyooka.

Angalia ukingo wa chini, sio wa juu. Ule wa juu ndo jicho linaukimbilia, ndo unaodanganya.

## Hatua ya 2: Mkono wa kushoto, hapa ndo penye kesi

Chukua maka peni. Fungua kiganja cha kushoto. Anzia kwenye pingili ya kati ya kidole cha shahada, chora mstari wa mshazari ushuke mpaka kwenye shina la kidole cha mwisho, pale kinapoungana na kiganja. Mstari wote uwe kwenye vidole na mashina ya vidole. Usipite katikati ya kiganja.

Huo mstari ndo kitanda cha fimbo.

Laza gripu juu ya mstari, bakiza sentimita moja au mbili za gripu zichomoze juu ya mkono, funga vidole, alafu ile nyama nene ya chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, iikalie fimbo kwa juu. Dole gumba lishuke kwenye gripu likae kulia kidogo ya katikati. Sio katikati kabisa.

Sasa kwanini sio kiganjani. Ukishika jembe mpini unapita katikati ya kiganja na ni sawa, jembe unalinyanyua kwa mabega unalishusha, kifundo cha mkono hakina kazi kubwa pale. Fimbo ya gofu inataka kifundo kijikunje kikienda juu na kijikunjue kikirudi. Fimbo ikilala kiganjani kifundo kinafungwa, unabaki kuibeba kwa mikono na mabega, na ikifika kwenye mpira uso bado uko wazi unatazama kulia. Ndo huko mpira wako unakoenda kila siku.

Kuna fundi seremala mmoja mtu mzima namfundisha. Siku ya kwanza nikamwambia, "Mzee wangu, hebu nionyeshe kiganja." Akanyoosha. Sugu mbili katikati ya kiganja, za nyundo na randa za miaka yote hiyo. Nikamwambia hizo ni za kazi na Mungu akubariki nazo, ila za gofu tunataka zikae kwenye mashina ya vidole. Akacheka, "Kwahiyo mwanangu nianze kutafuta sugu mpya uzeeni?" Ilimchukua wiki tatu. Kila akisahau kidogo fimbo ilikua inarudi kiganjani yenyewe kama mbuzi anaerudi bandani. Akaishia kuacha ule mstari wa maka peni mkononi hata akienda kazini, anaupitishia wino upya kila asubuhi.

Glavu nayo inasema. Ikitoboka kwenye ile nyama nene ya chini ya kiganja, fimbo inacheza humo, umeshika kiganjani au umeacha nafasi.

Jaribio la kwanza. Ukiwa umeshika kwa kushoto peke yake, nyanyua fimbo mbele yako, alafu achia vidole vitatu vya mwisho na dole gumba. Fimbo ibaki hewani ikiwa imening'inia kwenye kidole cha shahada na kukandamizwa na ile nyama ya kiganja. Ikibaki, umepata. Ikianguka rudi kwenye mstari. Fanyia juu ya nyasi au mchanga jamani, sio juu ya sakafu, na vidole vya miguu viweke pembeni.

Jaribio la pili. Shusha fimbo chini, tazama mkono bila kuinamisha kichwa zaidi. Uone vifundo viwili, cha kidole cha shahada na cha kati, labda na kichembe cha cha tatu. Ile V kati ya dole gumba na shahada ielekee katikati ya sikio la kulia na bega la kulia. Ukiona kifundo kimoja au hamna, mkono umezidi kushoto na mpira utakata kulia. Ukiona vinne, umezidi kulia, mpira utapinda kushoto.

## Hatua ya 3: Mkono wa kulia unakuja kama mgeni

Kulia ndo mkono wenye nguvu kwa wengi wetu, kwahiyo ndo unaotaka kutawala. Usiuruhusu.

Ulete kutokea pembeni, kiganja kikitazama kule unakolenga. Fimbo ilale kwenye vidole viwili vya kati. Ukiufunga, ile mfereji ya chini ya dole gumba la kulia ilifunike dole gumba la kushoto lote, lisionekane. V ya mkono huu nayo ielekee kulekule ilikoelekea ya kwanza. V mbili zikisema mambo mawili tofauti, mikono itagombana katikati ya safari.

Kuunganisha mikono kuna njia tatu:

Kidole kidogo cha kulia kinapanda juu ya mfereji kati ya shahada na kidole cha kati cha kushoto. Hii imebeba jina la Harry Vardon, bingwa wa gofu wa zamani, na wachezaji wengi wazuri wanaitumia. Inafaa vidole virefu.

Kidole kidogo cha kulia kinafungana na shahada ya kushoto. Jack Nicklaus mwenye mataji makubwa 18 na Tiger Woods mwenye 15 wote wanashika hivi. Inafaa mikono midogo. Tahadhari, watu wakifunga wanazamisha vidole mpaka mwisho na fimbo inarudishwa kiganjani. Fungana juujuu.

Vidole kumi vyote kwenye fimbo, mikono ikigusana bila kupandana. Watoto, wenye maumivu ya viungo, wenye mikono isiyo na nguvu. Sio aibu, ila usiache mwanya kati ya mikono.

Chagua moja leo na kaa nayo mwezi mzima. Kuna jamaa anabadilisha kila Jumamosi kama kanzu, hajui mpaka leo ipi inamfaa.

## Hatua ya 4: Kubana kiasi gani

Kipimo cha 1 mpaka 10, ambapo 10 ni unavoshika kamba ya ndoo ya kisima iliyojaa na 1 fimbo inataka kudondoka, weka 4. Mpira wenyewe kwa kanuni hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Huendi kupasua kuni.

Ila 4 haigawanywi sawa. Vidole vitatu vya mwisho vya kushoto na viwili vya kati vya kulia ndo vinabana, dole gumba na shahada za mikono yote miwili zinakaa tu, zikibana hizo mikono inakakamaa mpaka kwenye kiwiko.

Jaribio: nyanyua fimbo mbele, andika jina lako hewani kwa kichwa cha fimbo kwa kutumia vifundo vya mikono tu. Herufi zikitoka za duara, vizuri. Zikitoka kama zimechongwa na shoka, legeza. Kama fimbo inazunguka mkononi ukiandika, umezidisha kulegeza au gripu haijaoshwa, na nilishasema.

## Hatua ya 5: Miguu na mpira vikae wapi

Hii haina mengi. Kwa namba 7, visigino vikae chini ya mabega. Mguu wa kulia utazame mbele kama mshale wa saa 6 mchana, wa kushoto ufunguke nje kidogo, kama kwenye namba 11 ya saa, ili nyonga ipate njia ya kupita ukimaliza.

Mpira uwe katikati ya miguu au upana wa mpira mmoja kuelekea kushoto. Fimbo zikirefuka mpira unasogea kushoto na miguu inapanuka, mpaka draiva ambayo mpira unakaa usawa wa ndani wa kisigino cha kushoto, maana ile unataka uupige fimbo ikiwa imeanza kupanda. Aironi unataka ikutane na mpira ingali inashuka.

Miezi ya kusi upepo ukivuma watu wanapanua miguu kama wamepanda ngalawa. Kidogo inasaidia. Ukizidisha nyonga haigeuki tena, unabaki kupiga kwa mikono.

## Hatua ya 6: Inama kutokea nyonga

Simama wima na fimbo mbele yako. Chukua ule mpini wa pili uweke mgongoni, uguse sehemu tatu: kisogo, mgongo wa juu, na mfupa wa mkia. Sasa inama kwa kusukuma matako nyuma, mpini ukiendelea kugusa zote tatu. Kisogo kikiachia, umedondosha kichwa. Mfupa wa mkia ukiachia, umekunja kiuno badala ya nyonga, na mgongo wa aina hiyo utakuuma kabla hujajifunza kitu.

Huna wa kukushikia mpini? Tumia ukuta. Upe mgongo, visigino sentimita 10 hivi kutoka ukutani, sukuma matako mpaka yaguse. Pale yanapogusa ndo pembe yako ilipo.

Magoti yanakuja baada ya hapo na yanalegea tu. Golikipa anaesubiri penalti pale Mkwakwani, goti lake limefunguka, yuko tayari kwenda popote. Sio unavokaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Ukikunja magoti kwanza nyonga inakataa kuinama, mgongo unabaki wima na fimbo haifiki chini vizuri.

Mikono ining'inie. Achia mkono wa kulia kwenye fimbo, uache uning'inie wenyewe, alafu urudishe bila kuunyoosha wala kuuvuta. Ukirudi moja kwa moja kwenye nafasi yake, uko umbali sahihi na mpira. Ukilazimika kuunyoosha, uko mbali. Ukigusa paja, uko karibu. Kati ya mwisho wa gripu na mapaja ipite ngumi moja.

Na kwa vile mkono wa kulia uko chini zaidi kwenye fimbo, bega la kulia litashuka kidogo. Liache. Kidevu nacho kisizame kifuani, bega la kushoto linahitaji kupita chini yake.

## Hatua ya 7: Mizani, na hapa mchanga haumuonei haya mtu

Nikiri kitu. Kuna mwaka nilisumbuliwa na ile mipira inayogongwa na shingo ya fimbo, pale mti unapoingia kwenye kichwa, mpira unatoka upande kama kaa anavotoroka. Nilibadilisha swingi mara tatu. Nikaangalia video usiku kucha, nikanunua glavu mpya kana kwamba glavu ndo mchawi.

Jioni moja maji yamepwa nikawa Raskazone nafanya mazoezi peku kwenye mchanga mbichi. Simu ikaita. Nikatoka pale niliposimama kwenda kuipokea, narudi nikakuta nyayo zangu. Vidole na unyayo wa mbele vimezama mpaka vimejaa maji, visigino vimeweka alama hafifu tu, kama za mtu anaenyata usiku kuiba kuku. Uzito wote ulikua mbele. Fimbo ikishuka mwili unaanguka mbele nayo, shingo ya fimbo inafika pale uso ulipotakiwa kuwa. Nilikaa chini pale nikacheka peke yangu. Mwaka mzima.

Sasa namna ya kufanya:

Nenda maji yakiwa yametoka, tafuta mchanga ulioachwa na maji muda sio mrefu, mbichi ila mgumu kiasi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakwenda mbali na unapata eneo kubwa zuri. Chagua pa tambarare. Ukisimama kwenye mteremko kutazama bahari mchanga utakudanganya, utasema uzito uko mbele kumbe ni ufukwe umeinama. Chunguza chupa zilizovunjika kabla hujavua viatu.

Simama mkao wako kamili na fimbo. Hesabu 10 taratibu. Toka kwa kurudi nyuma hatua moja bila kuvuruga, alafu chuchumaa usome.

Unataka kuona kisigino na ule unyayo wa nyuma ya vidole vimezama karibu sawa, kushoto na kulia sawa. Uzito uko pale kamba za viatu zingefungwa. Vidole vikichimba, rudisha matako nyuma kidogo. Visigino vikizama peke yake, umekaa, nyoosha magoti kidogo. Mguu mmoja umezama kuliko mwingine? Mara nyingi ni wa kulia, na ni kwasababu unaegemea nyuma kumsaidia mpira kupaa. Mpira hauhitaji msaada wako, uso wa namba 7 umeshalala kwa kazi hiyo.

Fanya mara kumi, kila mara nyayo mpya. Za mwisho zifanane na za kwanza ulizozipenda.

Uko mbali na bahari, mwaga ndoo mbili za mchanga uani, usawazishe, unyunyizie maji. Inafanya kazi, ila mama mwenye nyumba umwambie kabla.

Na jaribio la nchi kavu: simama mkao, mwambie mdogo wako akusukume begani polepole, kwa mbele, kwa nyuma, kisha ubavuni. Ukilazimika kupiga hatua, upande ulioangukia ndo upande uzito ulipokua. Polepole nimesema, wadogo zetu wana visa vya zamani.

Onyo moja, ufukweni tunasoma nyayo tu. Mipira hapana, watu wanaogelea na watoto wanapita.

## Hatua ya 8: Kulenga kwa kamba mbili

Simama nyuma ya mpira, au ya kizibo ulichoweka badala ya mpira, utazame shabaha. Shabaha iwe kitu kisichotembea. Kuna kijana wangu alilenga ngalawa iliyotia nanga, maji yakageuka na ngalawa nayo, akalalamika nusu saa kwamba kamba zangu zimepinda.

Chagua mnazi. Alafu tafuta kitu kidogo kwenye mstari huohuo, mita moja mbele ya mpira, jani au kizibo cha soda. Kukilenga cha mita moja ni rahisi kuliko mnazi wa mita 130.

Kamba ya kwanza ipite nje kidogo tu ya mpira kuelekea shabaha. Ya pili ipite kwenye ncha za vidole vyako, sambamba na ya kwanza. Ni reli. Reli ya kwenda Korogwe haikutani mbele, zingekutana treni lingeanguka. Kwahiyo miguu yako hailengi mnazi, inalenga kushoto kidogo ya mnazi, na hili ndo watu wanalikataa mpaka waone kwenye picha. Magoti, nyonga na mabega vifuate kamba ya miguu. Mabega ndo yanayotoroka, mrekodi mtu kwa nyuma utaona.

Uzito wa kosa hili: uso wa fimbo ukikosea nyuzi 5 tu na mpira ukaenda moja kwa moja, kwa mita 130 unaishia zaidi ya mita 11 pembeni. Hapo hujakosea swingi hata kidogo.

Kamba ni za mazoezi tu. Kanuni ya 10.2 ya gofu tangu 2019 inakataza kuweka kitu chini kikusaidie kulenga miguu, ni adhabu ya mapigo 2 kwenye mchezo wa kuhesabu mapigo, na kukiondoa kabla ya kupiga hakukuokoi. Vivyohivyo kedi wako, anaekubebea fimbo, hatakiwi kusimama nyuma yako kwenye mstari wakati unaanza kusimama kwenye mpira.

## Ratiba ya wiki mbili

Siku 1 hadi 4, mikono tu. Shika, kagua vifundo na V, achia kabisa, weka fimbo chini, anza upya. Mara 30 kwa siku, dakika kumi hivi. Kuachia ndo zoezi lenyewe, ukishikilia dakika kumi mfululizo umefanya mara moja tu. Mi nafanya nikiangalia mpira kwenye TV, Coastal Union, timu yetu ya Tanga, wakifungwa nabana mpaka 9 na hapo najikamata.

Siku 5 hadi 8, ongeza mpini wa mgongoni na ukuta. Mara 15.

Siku 9 hadi 12, mchanga na kamba. Ukibahatika zikaangukia bamvua, nenda kila jioni.

Siku 13 na 14, unganisha yote kwa mpangilio huu: tazama kutoka nyuma, uso wa fimbo, kushoto, kulia, miguu, inama, tikisa vidole vya miguu ndani ya viatu kuhakikisha viko huru, pumua. Isizidi sekunde 15. Ukianza kuganda pale kama sanamu misuli inakakamaa na kazi yote ya wiki mbili inaondoka.

Baada ya hapo ndo mpira. Mipira 20, nusu swingi, miguu imegusana pamoja. Miguu ikiwa pamoja huwezi kudanganya mizani, ukizidisha nguvu unayumba hapohapo.

## Ukiona hivi, rudi hapa

Mpira unakata kulia: hatua ya 2, hesabu vifundo. Kisha mabega, hatua ya 8.

Unapinda kushoto sana: mikono yote imezidi kulia, au umebana na dole gumba.

Unachimba ardhi kabla ya mpira: uzito uko mguu wa kulia. Mchanga.

Shingo ya fimbo inagonga, mpira unakimbia kama kaa: vidoleni. Mchanga tena.

Malengelenge kwenye dole gumba la kushoto: ile mfereji ya mkono wa kulia haijalifunika vizuri, linasuguana.

Mgongo wa chini unauma: acha, pumzika siku mbili, anza na mpini. Ukiendelea kuuma muone daktari, usinitumie mimi.

Na mkinitumia video piga mbili, moja kutoka mbele na moja kutoka nyuma ya mstari wa mpira, simu iwe usawa wa kiuno. Miguu ionekane. Ya juzi ilianzia magotini kwenda juu, dakika tatu, nikabaki naangalia shati tu.